Matembezi Si Kwenda kwa Miguu Tu

Neno "haikingi" limeingia Tanga. Nalisikia kwa vijana wa vyuo wanaopanga safari za mwisho wa juma kwenda Lushoto, naliona katika matangazo wanayotumiana kwa simu, na wajukuu zangu hulitamka kana kwamba lilizaliwa Chumbageni. Nikiwauliza maana yake hunijibu vizuri: ni kupanda na kushuka milima kwa miguu, bila haraka, kwa kujifurahisha, huku mtu akitazama mandhari, akionja chakula cha wenyeji na kusikiliza historia ya mahali apitapo. Kisha huongeza, kwa uhakika wa ujana, kwamba Kiswahili hakina neno la jambo hilo.

Ni kauli hiyo ya mwisho ninayotaka kuijibu mbele ya malenga na wapenzi wa lugha. Sina ugomvi na kukopa. Lugha iliyokopa meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani na kitabu kwa Waarabu haiwezi leo kujifanya tajiri asiyeomba chumvi kwa jirani. Hoja yangu ni nyingine: neno tunalo, nalo ni matembezi, limebeba fikra pana kuliko lile geni, na tukiliacha, tutaipoteza fikra pamoja na neno. Kwa sisi watu wa Tanga, wenye bahari mlangoni na milima uani, hasara hiyo si ya kamusi peke yake.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi iliyonilisha miaka mingi. Tembea ni kitenzi cha miguu. Kitie katika kauli ya kutendea, kinakuwa tembelea, na papo hapo miguu inafika nyumbani kwa mtu. Tunamtembelea mgonjwa, tunatembelea wazazi, tunaambiana tutembeleane. Hata aliyekwenda kwa basi au kwa bodaboda husema amekwenda kumtembelea shangazi yake, ingawa hakupiga hatua ishirini. Kitenzi hichohicho humbeba mzee: anatembelea mkongojo. Kitie kauli ya kutendesha, kinakuwa tembeza, na sasa yupo mwenyeji anayemzungusha mgeni. Kwa Waingereza na Wajerumani, kitenzi cha kutembea milimani na kitenzi cha kumtembelea mtu havina nasaba hata kidogo. Kwetu ni mtu na nduguye, na nomino yao ni moja. Ukisema "nilikuwa matembezini", msikilizaji atakuuliza mambo mawili kwa pamoja: ulipita wapi, na ulifikia kwa nani?

Wahenga walilijua jambo hili walipotuachia methali isemayo mtembezi hula miguu yake. Walimu wengi huifasiri kuwa onyo kwa mzururaji, na fasiri hiyo ni sawa. Mimi huisoma pia kwa upande wa pili. Anayekula miguu yake ni yule asiye na pa kufikia, asiyekaribishwa, anayepita vijiji kama gari moshi lipitavyo stesheni ndogo. Mtembezi mwenye mwenyeji hula makande.

Sasa twendeni mlimani tuone kama neno hili linatosha huko. Milima ya Usambara iko katika mkoa wetu, nasi wa pwani twaitazama kwa macho mawili. Usambara Mashariki inaanza kupanda baada ya Muheza, kuelekea Amani. Usambara Magharibi inapandwa kwa barabara inayoacha njia kuu pale Mombo na kujipinda kando ya korongo, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, mpaka Lushoto, takriban kilomita 33. Lushoto iko juu ya bahari kwa mita 1,400 hivi. Aliyeondoka Tanga asubuhi akipepea gazeti kwa joto, jioni ataomba shuka la pili.

Matembezi mafupi yanayopendwa zaidi ni yale ya kutoka Lushoto mjini kupitia Yoghoi hadi Irente, kwenye genge ambalo ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako. Kwa mtu asiye na haraka ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Njia inapita katikati ya mashamba ya kabichi na viazi, migomba, kahawa, na nyumba za watu zilizokaribiana. Wenye siku tatu au nne hufuata safu ya milima kwenda kaskazini, kupitia Lukozi na Rangwi hadi Mtae, kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, nyika ikiwa chini yake.

Mwaka jana tulikwenda Irente kundi dogo la walimu wastaafu, tukapewa kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa hukohuko, mwenye heshima na pumzi ambazo sisi tulikwisha kuziaga. Tulipofika gengeni akaanza kutueleza historia ya mahali kwa Kiingereza, kwa mazoea tu. Mwenzetu mmoja akamwambia, "Mwanangu, sisi ni watu wa Tanga, tueleze kwa Kiswahili." Kijana akanyamaza kidogo, akaanza sentensi, akaikata, akaanza nyingine. Mwishowe akasema kwa unyofu, "Mwalimu, maelezo haya nilifundishwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sijawahi kuyasema." Tukambadilishia swali: bibi yako akikaa jikoni husimulia nini kuhusu huko chini? Hapo uso ukafunguka, na maneno yakaja kwa Kiswahili na Kishambaa pamoja, yasiyohitaji kutafutwa. Alikuwa na historia mbili kichwani, moja ya kuuza na nyingine ya kurithi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ya pili ndiyo hasa tuliyoipandia mlima.

Simlaumu hata chembe. Kijana hula kwa Kiingereza hicho, na wageni wake wengi hutoka mbali. Lakini jambo lenyewe linatisha ukilitafakari. Likiendelea hivi kwa kizazi kimoja, historia ya Usambara itakuwa inasimuliwa Usambara kwa lugha ambayo bibi zake hawaielewi, na hivyo hawawezi kuisahihisha.

Na ni historia gani hiyo? Ukisimama Irente ukatazama chini unaona mashamba ya mkonge, reli, barabara kuu, na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Kila kimoja kina habari yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ilisalimika 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoupa mkoa wetu utajiri wake na vibarua wake. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka huohuo wa 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Na chini ya genge hilo ndipo ilipo Mazinde, iliyokuwa makao ya Semboja wa ukoo wa Wakilindi, katika njia ya misafara iliyounganisha pwani na bara.

Hapa wapenzi wa lugha wainue masikio. Katika utumishi wa Semboja alikuwepo Abdallah bin Hemedi, mtu wa asili ya Unguja, ambaye baadaye alikuwa liwali Tanga. Huyo ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara, kwa Kiswahili. Ilichapwa kwa sehemu katika kiwanda cha misheni ya Magila, huko Bonde karibu na Muheza, kuanzia mwaka 1895 hadi 1907, na ikatolewa tena mwaka 1962. Fikirini: zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mtu wa pwani aliketi na watu wa mlimani, akawasikiliza, akayaandika waliyomwambia kwa nathari ya Kiswahili ambayo mpaka leo ni miongoni mwa kazi kubwa za historia katika lugha yetu. Hakuhitaji mkalimani wa lugha ya tatu. Alifanya matembezi kwa maana kamili ya neno: alifika, alikaribishwa, alikaa, alisikia.

Katika masimulizi hayo mwanzilishi wa utawala ni Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake. Angalieni alivyoingia Usambara. Aliwinda nguruwe mwitu walioharibu mashamba, akawagawia wenyeji nyama, nao wakampa chakula chao cha shambani. Dola ya Wakilindi inaanza kwa watu kula pamoja. Makao makuu yao yakawa Vuga, karibu na Soni, na ndiko alikofika kwa miguu Johann Ludwig Krapf mwaka 1848, akitokea Rabai, kuonana na Kimweri ye Nyumbai. Krapf huyu ndiye mtungaji wa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Na Vuga hiyohiyo, katika karne ya 20, ikawa na kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kilutheri kilichotoa vitabu vya Kiswahili. Hivyo anayetembea kati ya Soni na Vuga anakanyaga ardhi ya lugha yake mwenyewe, ajue asijue.

Tugeukie chakula, ambacho wenye haraka hukidharau. Mlimani chakula ni sehemu ya ramani. Ukiona matunda ya plamu na peasi yamepangwa kwenye ndoo kando ya barabara ya Soni, unajua mwaka unaisha au umeanza. Ukipewa makande ya mahindi na maharage, unajua mvua ya mwaka uliopita ilikuwaje. Mboga za majani zinaweza kuwa mnavu, au majani machanga ya kishonanguo, mmea uleule ambao mbegu zake umezibeba kwenye suruali tangu asubuhi ukidhani ni adui. Na siku ya gulio utakuta samaki wakavu wa pwani wamekaa mkeka mmoja na karoti za mlimani. Biashara hiyo ni ya zamani kuliko barabara ya lami. Mtu wa Tanga aliyezoea bada kwa mchuzi wa samaki, akikutana na papa mkavu Lukozi, amekutana na jamaa.

Siku ile ya Irente, kijana wetu alitupeleka kwa bibi yake mwenyewe. Tulimsalimu shikamoo, yeye akatuitikia, kisha akatufundisha kumjibu kwa Kishambaa, onga mshi, akacheka tulivyokuwa tunalitafuna. Alipotuuliza tulikotoka kwa miguu, mmoja wetu akasema ni kama kilomita sita. Bibi akatikisa kichwa. "Njia hii haina kilomita, wanangu. Ina nyumba." Akaanza kuzihesabu kwa majina ya wenyewe, waliopo na waliokufa, kuanzia mjini hadi kwake. Sisi watunzi tunajua kwamba neno ubeti limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Bibi yule hakusoma arudhi, lakini alituhesabia njia yake kwa beti.

Kuna historia nyingine ambayo haionekani kwa anayetazama upeo wa macho tu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta kuvuka miteremko, ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, amri ilikuja na adhabu, na watu waliikataa. Wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya jembe, walikuwa mstari wa mbele. Upinzani huo ukaungana na madai ya uhuru, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru kufika. Bonde la Mlalo ni mahali mojawapo pa mkasa huo. Msomaji wa kawaida wa Kiswahili akisikia "matuta" huwaza viazi vitamu, au vile vigongo vya barabarani vya kupunguza mwendo. Kwa mzee wa Mlalo neno hilo lina jasho na hasira ndani yake. Maana hiyo haimo katika kamusi nizijuazo; imo katika vinywa, na vinywa hivyo vinapungua kila msimu wa mvua.

Majina nayo yana mkasa wao. Wajerumani walipoupenda ubaridi wa Lushoto waliuita mji huo Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Jina hilo liliondoka na utawala wao. Lakini mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye unyevu katika misitu yetu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea akalipa ua hilo jina la ukoo wa Saint Paul: Saintpaulia. Leo linapamba madirisha Ulaya na Marekani, na mwuza maua wa huko akiliita, anaita jina la Mjerumani, au analiita urujuani wa Afrika, kana kwamba Afrika nzima ni jiwe moja lenye unyevu. Mji uliokolewa na wakazi wake kwa sababu waliendelea kuuita Lushoto kila siku. Ua halikupata watu wa kuliita kwa sauti. Jina linaishi kwa kutamkwa.

Wapo watakaonijibu kwamba utalii ni biashara, na biashara ina lugha yake. Nawaomba watazame Uswisi, nchi ya milima na wapanda milima. Mwaka 1979 raia wake walipiga kura na kuziingiza njia za miguu katika katiba ya nchi. Leo wana zaidi ya kilomita 60,000 za njia hizo, zenye vibao vya njano vinavyomwonyesha mtembezi muda wa kufika, kwa saa na dakika. Majina kwenye vibao hivyo yameandikwa kwa lugha ya mahali husika: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano au Kiromanshi. Mgeni kutoka Tokyo au Chicago huyasoma kama yalivyo, huyatamka vibaya, na hurudi mwaka wa pili. Sijasikia kwamba Uswisi imefilisika kwa sababu hiyo. Mgeni huja mlimani kwa sababu mlima ni wa watu fulani. Akikuta unasema lugha aliyoiacha nyumbani kwake, anaanza kushuku kwamba amepotea njia.

Wapo pia wa upande wetu, walinzi wa usanifu, watakaosema kwamba maneno ya Kishambaa, Kibondei na Kipare si Kiswahili sanifu. Kwa hao nina neno moja: kitivo. Vyuo vikuu nchini vimekuwa na vitivo, na wasomi hulitamka neno hilo kwa kunyoosha tai. Limetoka katika lugha za milima hii, Kipare na Kishambaa, ambamo hutaja ardhi yenye rutuba. Hakuna aliyelalamika kwamba limeuchafua usanifu. Ngeli tuliitoa kwa Wahaya, na sarufi ikasimama. Mlango huo, basi, umekwisha kufunguliwa zamani. Swali ni kwa nini tunaupitisha upesi "haikingi" na kuyasimamisha barazani maneno ya jirani aliyetupa chakula.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulichagua lahaja ya kisiwa, na msamiati wake mwingi ulikuwa wa bahari. Ushairi wetu ulikuwa huko tangu kale. Tuna kusi na kaskazi, matlai na maji mafu, ngalawa na jahazi, nanga na demani. Hata aina za tungo tunaziita bahari. Sina sababu ya kuionea haya bahari hiyo. Jina la mji wangu ni tanga, nami nimefundisha watoto wa wavuvi. Lakini jaribuni kutunga beti kumi za mlima, muone mtakavyokwama kwenye kilele na bonde, kisha mrudi tena kwenye kilele.

Na msamiati upo! Lugha yetu imeupa mlima mwili: una uso, bega, ubavu, mgongo, kiuno na miguu. Tuna genge na gema, korongo na jabali, mteremko na mwinamo, ukungu na manyunyu. Tuna umande, neno ninalolipenda kuliko yote haya. Kwa mkulima umande ni matone yanayolowesha miguu alfajiri. Kwa baharia ni upepo wa asubuhi unaotoka bara kwenda baharini. Maana hizo mbili zimekaa ndani ya neno moja bila kugombana. Hata Mrima, jina la kale la pwani yetu, wapo waliolihusisha na mlima, na mtungaji wa Tanga, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alilitia katika anwani ya utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Wazee wetu hawakuigawa nchi hii vipande viwili kama tunavyoigawa sisi.

Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji bajeti ya serikali. La kwanza ni kwa vijana wanaowaongoza wageni: someni Habari za Wakilindi, kisha kaeni na bibi zenu, kisha isemeni historia hiyo kwa Kiswahili mara kumi kabla ya kuifasiri kwa lugha yoyote. Atakayeijua kwa Kiswahili ataieleza vizuri zaidi hata kwa Kijapani. La pili ni kwa walimu wenzangu mlio bado darasani, hasa wa shule za sekondari na vyuo vya ualimu vya Tanga, Muheza, Korogwe na Lushoto. Ziara moja kwa mwaka, daftari moja kwa kila mwanafunzi, na sharti moja: arudi na maneno ishirini aliyoyapata kwa wazee, kila neno na maana yake, kijiji chake, na sentensi alimolisikia. Madaftari ya miaka mitano yatakuwa hazina ambayo hakuna baraza lililowahi kukusanya.

La tatu ni kwenu malenga. Shaaban Robert alizaliwa Machui, kusini mwa mji wetu, mwaka 1909, akafanya kazi ya forodha Pangani, kisha utumishi ukampeleka bara. Hakukaa ufukweni akidhani lugha inaishia kwenye minazi. Nasi tutoke. Pandeni Mtae, pandeni Amani, nendeni polepole, ombeni maji kwenye nyumba ya tatu, mwulize jina la mti, jina la mto, jina la upepo. Halafu tungeni. Naanza mimi kwa ubeti mmoja, nikiuacha wazi kwa atakayenijibu kwa vina hivihivi:

Panda pole mlimani, ukitweta we simama,
Ukipita vijijini, uwape salamu njema,
Ukaribishwe nyumbani, usimuliwe ya nyuma,
Safari haina shani, bila mwenyeji kusema.

Nitakayepokea kwake ubeti wenye neno la mlimani nisilolijua, nitamtembelea mwenyewe kumshukuru, popote alipo kati ya Horohoro na Handeni. Kwa basi, pengine, maana magoti yangu yana masharti yake. Lakini Kiswahili kitaniruhusu kusema kwamba nimetembea.